Shamba la Bweni usililipie kwanza

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Pangani hatujambo, na kifua cha baba yako kimetulia. Ujumbe wako wa lile shamba nimeupata pamoja na picha zake. Pazuri, sikatai. Ila hilo neno la dalali kwamba ni "shamba tupu, halina mtu" ndilo limenifanya nikuandikie, maana kwenye simu hunisikilizi.

Tangu daraja la kuvuka mto Pangani kwenda Bweni lianze kujengwa, lile la mita 525 kwenye barabara ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Saadani, ng'ambo huko kila pori limepata mwenyewe. Kununua sikukatazi. Ninachokukataza ni kutoa kishika uchumba, hayo malipo ya awali, kwa ardhi ambayo hujaikanyaga.

Hiyo minazi kwenye picha haikujiotea. Pwani hii ardhi yaweza kuwa ya mtu na minazi ikawa ya mwingine, au imewekwa rehani tangu enzi za mababu, na mwenye rehani yake anajitokeza siku umeshamaliza kujenga ukuta. Kwa hiyo ardhi iulizie peke yake na miti iulizie peke yake, na hati ya mauziano ivitaje vyote viwili. Ukikuta safu ya minyaa au mikonge inakata katikati ya shamba, jua huenda hapo ni mpaka, na upande wa pili una mtu wake. Ukikuta mawe yamepangwa chini ya mbuyu, usimuulize dalali, muulize mzee jirani. Makaburi hayaonekani kwenye picha. Na kile kijia kinachoshuka baharini, wavuvi hawataacha kukipita kwa sababu wewe umekuja na seng'enge.

Halafu umesema muuzaji ni kijana na shamba ni la marehemu baba yake. Haya, dada zake je? Hata walioolewa mbali wana fungu lao katika mirathi. Akuonyeshe barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Akikuambia "wote wamesharidhia", mwambie waje waridhie mbele yako, na kila mmoja atie saini yake.

Hiyo karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji haitoshi. Ile ni ardhi ya kijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 anayeisimamia ni halmashauri ya kijiji. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, omba suala lako liingie kikaoni, na muhtasari wa kikao upewe nakala. Kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila, uione kwa macho yako na ulinganishe jina. Dalali atakuambia unachelewa, kuna mzungu anaitaka. Mwache aitake, asiye raia hamilikishwi ardhi hapa nchini ila kwa ajili ya uwekezaji, na hilo halipiti kwa dalali.

Upande wa ufukweni ndio ulionichekesha. Eti shamba "linagusa maji". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka uache mita 60 kutoka ufukweni bila kufanya shughuli za kudumu, na mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali, huwezi kuikata upate mandhari. Hizo mita 60 dalali anakuuzia kwa bei ileile ya ekari ya juu! Na ekari zenyewe anapima kwa hatua, 70 kwa 70, hatua za mtu mfupi. Njoo na mpimaji. Ekari kamili ya mraba ni kama mita 64 kila upande.

Uonje na maji ya kisima cha jirani. Karibu na bahari mengi yana chumvi, na bila maji matamu mboga zako utazimwagilia kwa ndoto.

Ukija, njoo siku za bamvua, bahari inapojaa sana, uone maji yanapanda mpaka wapi. Usimwambie dalali siku. Mimi nitakutafutia mzee wa kule akutembeze mipaka, naye umletee kilo mbili za sukari, si zaidi, asije akadhani una hela.

Mkeo umsalimie. Na hati ikiandikwa, jina lake liwemo.

Mama yako