Kabla Hujatangaza Shindano la Nembo

Sisi huendesha mashindano ya ubunifu, na wateja wengi hutujia baada ya shindano lao la kwanza kuharibika. Malalamiko ni yaleyale: nembo zilimiminika, zawadi imeshalipwa, na hakuna hata moja wanayoona fahari kuibandika mlangoni. Sisi huanza kwa kuomba yale maelezo ya kazi waliyowapa wabunifu. Mara nyingi ni mstari mmoja: "Tunataka nembo ya kisasa, yenye mvuto, rahisi lakini ya kipekee." Maneno hayo yangekifaa kiwanda cha saruji, na yangeifaa vilevile shule ya chekechea.

Hebu fikiria hali ya mbunifu. Kwenye shindano la mtandaoni watu arobaini wanaweza kutoka jasho na akalipwa mmoja. Mbunifu mzoefu analijua hilo, kwa hiyo husoma maelezo kwanza na kupima kama muda wake utakuwa na faida. Akikuta maneno yasiyoshikika, anapita zake. Wanaobaki ni wenye akiba ya nembo zilizokataliwa kwingine: hufuta jina la zamani, wakaweka lako, wakatuma. Kwetu sisi, kumtendea haki mshindani na kupata kazi bora ni jambo lilelile.

Basi andika kama unayemweleza mtu ambaye hajawahi kukuona. Nani ananunua kwako, na ananunua kwa sababu gani? Nembo itakaa wapi: ubavuni mwa lori, kwenye kizibo cha chupa, au kwenye alama ndogo ya programu ya simu? Mchoro unaopendeza kwenye lori unaweza kugeuka doa kwenye kizibo. Taja rangi ambazo mshindani wako wa biashara ameshazishika. Weka nembo tatu unazozipenda, na chini ya kila moja andika unachokipenda. Kama mkurugenzi ameshaamua kwamba lazima awepo ndege, sema mapema. Hakuna kinachouma kama kukesha siku tano ukichora, kisha ukaambiwa siku ya mwisho kwamba ilitakiwa picha ya ndege.

Zawadi itangazwe kiasi chake, na itangazwe kwamba italipwa hata iweje. Tarehe ya mwisho ikishatajwa isisogezwe kwa sababu tu umetamani kuona kazi zaidi. Waliojinyima usingizi ili wawahi watakuwa wameonewa.

Tukija kwenye uamuzi, tunapenda majina yafichwe. Mwaka 1981, shindano la kubuni mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam lilipokea michoro 1,421, na waamuzi waliona namba tu, bila majina. Walichagua namba 1026. Mwenye kazi hiyo alikuwa Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Yale. Je, angechaguliwa kama jina na umri wake vingekuwa vimeandikwa juu ya karatasi? Mimi nina shaka kubwa. Siku zile hakukuwa na mashindano ya intaneti, lakini njia ni ileile: mtu mmoja asiye mwamuzi apokee kazi, azipe namba, ndipo azipeleke kwa waamuzi.

Kuna pia suala la washindani kuonana. Shindano likiwa wazi, kazi ya kwanza kupewa nyota tano hugeuka kielelezo. Kesho yake utapata nembo kumi zenye duara lilelile na buluu ileile, na aliyebuni wazo anaweza kushindwa na aliyelinakili. Kwa nembo, tunashauri kazi zifichwe mpaka mwisho, na maoni yatolewe kwa kila mbunifu peke yake. Maoni yenyewe yawe ya kumsaidia. "Sijaipenda" haimpeleki mtu popote. "Herufi ni nyembamba, hazitasomeka kwenye lebo" inampa pa kuanzia. Na kamwe usimwambie wa pili achukue wazo la wa kwanza alirekebishe. Huo ni wizi, na wewe ndiye utakuwa umeuagiza.

Kura ya umma? Iwe ushauri tu, tena baada ya waamuzi kuchuja. Ikiachiwa iamue, anashinda mwenye marafiki wengi, au mzaha. Mwaka 2016 Uingereza iliomba umma upendekeze jina la meli ya utafiti, na lililoongoza kwa kura lilikuwa Boaty McBoatface. Meli ikaishia kuitwa jina la mtangazaji David Attenborough.

Kabla ya kumtangaza mshindi, tafuta picha ya nembo hiyo kwenye intaneti uone kama ina ndugu yake mahali. Nembo ya kwanza ya Olimpiki ya Tokyo iliondolewa Septemba 2015, wiki chache tu baada ya kuzinduliwa, kufuatia madai kwamba ilifanana na nembo ya jumba la tamthilia huko Ubelgiji. Waandaaji wakaanza upya kwa shindano lililopokea kazi zaidi ya 14,000. Muombe mshindi rasimu zake za mwanzo na leseni za fonti alizotumia. Aliyechora mwenyewe anazo.

Hakimiliki ndipo tunapokuwa wakali zaidi. Mshindi anakuhamishia haki zake kwa maandishi, naye analipwa. Waliokosa wanabaki na kazi zao, waziuze popote. Ukivutiwa na ya pili, inunue. Tumeshakataa kuendesha mashindano yenye sharti kwamba kila kilichotumwa ni mali ya mwandaaji, na tutaendelea kukataa. Katika makabidhiano dai faili za vekta, yaani mchoro unaoweza kukuzwa kiasi chochote bila kupoteza ubora, si picha ya JPEG pekee, pamoja na toleo la rangi moja; bila hizo, siku ya kuchapa bango kubwa utarudi kumtafuta mbunifu upya.

Wapo wanaopinga mashindano kabisa. AIGA, chama cha wabunifu cha Marekani, kimekuwa kikiwatahadharisha wanachama wake kuhusu kazi zinazofanywa bila uhakika wa malipo, na hoja yake ina uzito. Ndiyo maana mteja anayetaka tovuti nzima, au sura mpya ya kampuni yote, tunamwambia aajiri mbunifu mmoja wakae wazungumze. Shindano linafaa kitu kidogo chenye mipaka: nembo, jalada, fulana.

Kama unayo rasimu ya maelezo ya kazi, tutumie tuisome kabla hujaitangaza. Tutakurudishia na maswali ambayo mbunifu angekuuliza, na kuyajibu wakati huo bado hakumgharimu mtu yeyote.