Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: sisi tunaotembea alfajiri

Mheshimiwa shikamoo, na pole kwa majukumu. Nakuandikia kwa niaba ya sisi tunaotoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri kuwahi daladala, mama lishe, manesi wa shifti, vijana wa viwandani.

Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, wakivuma kama ile 2022 mji wote unachachamaa, doria usiku kucha, vijana wanazolewa, baadae kimya. Ila kibaka wa kila siku hajaenda popote, yule wa kabali kichochoroni na hawa vishandu wa pikipiki wanaokwapua mkoba huku wamekoleza moto, mkanda ukiwa umejinasa begani unaburuzwa na wewe kwenye lami.

Tahadhari tunafundishana sana tu. Tembea kulia ili pikipiki ije unaiona, mkoba ukae upande wa ukuta, simu usiitoe kituoni, piga *#06# uandike IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, pembeni maana ukienda kuripoti utaulizwa, na ukivutwa achia, simu inanunuliwa. Sawa, lakini vishandu wenyewe wanapita upande wowote wanaojisikia, na huo ushauri wa "tembea na mwenzio", saa kumi na nusu mwenzio namtoa wapi mheshimiwa?

Kuna mapagale huku mitaani, majani mpaka dirishani, ndio maskani yao. Mwenye nalo serikali ya mtaa inamjua, si ndio walishuhudia mauziano ya kiwanja? Apewe barua afyeke, azibe milango kwa tofali, akikaidi faini. Pikipiki isiyo na pleti namba nayo ikamatwe usiku, sio mchana tu pale kwenye mataa. Na taa za sola zikipatikana zianzie njia za kutokea kituoni, sio ofisini.

Kubwa lakini ni saa. Ulinzi shirikishi tunauchangia kila mwezi na vijana wanajitahidi, ila mitaa mingine lindo linavunjwa saa kumi, wao wanarudi kulala ndio sisi tunafungua geti, na kibaka hiyo ratiba anaijua kuliko mjumbe. Waagize wenyeviti wa mitaa zamu ivuke mpaka saa kumi na mbili, wasimame njia za kuelekea vituoni badala ya kuzunguka kwenye nyumba ambazo watu wamelala na wamejifungia. Hilo hata bajeti mpya halisubiri, wiki ijayo linawezekana.

Mtembea kwa miguu, Mbagala