Kwa nini saa ya safari ya Lindisfarne hupangwa na bahari

Wateja wanaokodi kempavani zetu (magari ya kulala na kupikia) hapa Newcastle, Uingereza, kwa safari ya siku moja ya kisiwa cha Lindisfarne hutuuliza mara kwa mara kwa nini Jumamosi moja tunawakabidhi gari saa 11 alfajiri, na Jumamosi nyingine tunawaomba wasiondoke kabla ya saa 5 asubuhi. Swali hilo ni la haki, hasa kwa familia yenye watoto wadogo au wazee, na linastahili jibu kamili.

Lindisfarne iko kwenye mwambao wa Northumberland, takriban mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Barabara ya lami inayoiunganisha na bara, iliyofunguliwa mwaka 1954, imepita juu ya mchanga na tope, na bahari huifunika mara mbili kila siku. Ndugu zetu waliokulia Pwani hawahitaji kufundishwa habari za maji kujaa na kupwa: mwezi ni ule ule, saa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hupanda zaidi kuliko wakati wa maji mafu (nusu mwezi).

Kosa linalotutia hofu zaidi ni la kusoma jedwali la maji badala ya jedwali la kuvuka. Mtu akiona kwamba maji yatajaa saa 9 alasiri, hudhani kuwa akiondoka kisiwani saa 8 atakuwa amewahi, ilhali kwa kawaida barabara hufunikwa takriban saa mbili kabla ya maji kujaa na hubaki hivyo hadi takriban saa tatu baadaye. Kwa hiyo sisi hufuata saa salama za kuvuka zinazotolewa na halmashauri ya Northumberland, na hata hizo hatuzisogelei ukingoni, kwa sababu upepo mkali unaweza kuyaleta maji mapema.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hawezi kulijua kwa kutazama tu. Unapotoka kisiwani, barabara hupita kwanza kando ya vichuguu vya mchanga, mahali palipoinuka kidogo, na unaiona kavu mbele yako. Sehemu ya chini kabisa iko mwishoni, karibu na daraja la upande wa bara. Hapo ndipo magari hunaswa, na ndiyo maana pamejengwa kibanda cheupe juu ya nguzo ndefu, ambamo mtu aliyezingirwa na maji hupanda kusubiri waokoaji. Mtu huokolewa, gari lililoingia maji ya chumvi huwa limeharibika, na mkataba wetu haulipii hasara hiyo. Tafadhali, ukikuta maji yamegusa lami, rudi kisiwani ukasubiri.

Kusubiri huko, kwa maoni yetu, si adhabu. Siku tunayoipendekeza zaidi ni ile ambayo barabara hufungwa katikati ya mchana: unavuka asubuhi, wageni wengi wanaondoka, na kisiwa kinatulia kwa takriban saa tano. Muda huo unatosha kutembelea magofu ya nyumba ya watawa, mahali ambapo mtakatifu Aidan alianzisha utawa mwaka 635, kisha ngome ya karne ya 16 iliyogeuzwa makazi na msanifu Edwin Lutyens, na kurudi garini kupika chai ya maziwa huku mkiitazama bahari. Kulala ndani ya gari kisiwani hakuruhusiwi, kwa hiyo barabara ikifunguka jioni ni lazima mvuke.

Mnapoweka nafasi, tutumieni tarehe mbili badala ya moja. Tutawaandikia saa za kuvuka za kila tarehe pamoja na saa ya kuchukua gari, nanyi mtachagua ile inayowafaa. Bei haibadiliki, hata gari likitoka alfajiri.