Herufi F Ambayo Haikuwa Kwenye Risiti

Sinza,
Dar es Salaam.
14 Julai 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Kompyuta,
Kariakoo.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA KICHAKATAJI CHA i9-14900KF BADALA YA i9-14900K, NA KUKATALIWA DHAMANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga video wa harusi. Jumamosi ya tarehe 22 Machi mwaka huu nilinunua dukani kwenu kompyuta ya mezani mliyoiunganisha wenyewe, kwa shilingi 7,850,000. Nilipewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, pamoja na karatasi yenye orodha ya vifaa, imegongwa muhuri wenu. Mstari wa kwanza wa orodha hiyo, wa kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, umeandikwa "Intel Core i9-14900K". Kilichomo ndani ya kompyuta ni i9-14900KF. Fundi wenu ameniambia mara mbili kwamba hiyo ni "herufi tu, kaka". Naomba nimweleze, kupitia kwako, herufi hiyo imebeba nini.

Siku ile nilikuja nikiwa sijaamua. Rafiki yangu anayechora majengo alikuwa amenishauri ninunue yenye kichakataji cha kampuni pinzani, AMD Ryzen 9 7950X, kama ya kwake. Kijana wenu wa mauzo akanipeleka mbele ya bango lililopo hadi leo pale kaunta, linalolinganisha vichakataji hivyo viwili. Limeandikwa kwa maandishi mekundu: "VIINI 24 DHIDI YA 16". Chini yake kuna kasi ya GHz 6.0 dhidi ya 5.7, kisha alama za Cinebench R23, programu ya kupima nguvu ya kichakataji: zaidi ya 40,000 upande wa Intel na 38,000 upande wa AMD. Mtu anayepita akisoma bango hilo ataona mchezo umeisha kabla haujaanza.

Sikununua kwa sababu ya bango. Nataka hilo lieleweke, maana fundi wenu amekuwa akinijibu kana kwamba nalalamikia kasi. Viini ni sehemu za kichakataji zinazogawana kazi, na viini 24 vya i9-14900K haviko sawa: 8 ni vikubwa na 16 ni vidogo vya kubana umeme. Kila kikubwa hubeba nyuzi mbili za kazi na kidogo hubeba moja, jumla 32. Ryzen 9 7950X ina viini 16, vyote vikubwa, kila kimoja nyuzi mbili, jumla 32 vilevile. Anayeweka 24 kando ya 16 bila kusema hayo ni kama anayehesabu magari yaliyo kituoni akachanganya mabasi na bajaji. Hata hizo GHz 6.0 hufikiwa na viini vichache tu, kwa muda, joto likiruhusu. Bango halidanganyi kwa tarakimu hata moja, lakini mteja anaondoka pale na picha isiyo sahihi.

Kwa kazi ya rafiki yangu, ya kurenda, yaani kugeuza michoro ya nyumba kuwa picha kamili, kwa kichakataji usiku kucha, viwili hivyo vinakimbizana bega kwa bega, na yeye ana sababu nzuri za kubaki AMD. Yake imepangiwa wati 170 na ikikaza hufika 230. Yangu inaruhusiwa hadi 253. Tena ameiweka kwenye hali ya kubana umeme, wati 105 za kiwandani, na anasema kasi iliyopungua haioni. Sisi tunaonunua umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, tunajua wati 100 za ziada kwa saa kumi ni uniti nzima. Juu ya hayo, soketi yake ya AM5, yaani kiti cha kichakataji, imeshapokea kichakataji kipya cha 9950X kilichotoka Agosti 2024, kwa hiyo akitaka kupanda daraja habadilishi ubao mama, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote. Soketi yangu ya LGA1700 iliishia kizazi cha 14. Vichakataji vya Intel vilivyofuata, Core Ultra za Oktoba 2024, vikaja na soketi nyingine, LGA1851. Yote hayo nilimwambia kijana wenu pale pale, na akakubali kwamba ni kweli.

Basi kwa nini nilichagua Intel? Kwa sababu moja.

Kamera zetu za Sony zinarekodi video kwa muundo uitwao H.265 ya biti 10, 4:2:2. Video za namna hiyo huhifadhi taarifa nyingi za rangi, na ndiyo maana sura ya bi harusi aliyepigwa taa za kijani na zambarau ukumbini inaweza kurekebishwa ikarudi kuwa ya binadamu. Ubaya wake ni kwamba ni nzito mno kuzifungua wakati wa kuhariri. Kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX 4070 mliyonifungia haina uwezo wa kuzifungua kwa mfumo wake wa video. NVIDIA waliuongeza uwezo huo kwenye kadi za mfululizo wa 50. Ile sehemu ndogo ya grafiki iliyomo ndani ya Ryzen 7950X nayo haizifungui. Lakini ndani ya i9-14900K kuna sehemu ya grafiki iitwayo UHD Graphics 770, yenye Quick Sync, mtambo wa Intel wa kufungua video, na hiyo inazifungua kama maji. Wahariri wengi wa video hubaki Intel kwa ajili ya kipande hicho tu, hata wakiwa wanajua kwingine wanapitwa.

Sasa, herufi F kwenye majina ya vichakataji vya Intel maana yake ni kwamba sehemu hiyo ya grafiki imezimwa. Kilichobaki ni kile kile: viini 24, nyuzi 32, GHz 6.0, kache ya MB 36. Ndiyo maana herufi hiyo peke yake haipunguzi alama za Cinebench, na fundi wenu haoni tofauti. Nilikubali kulipa umeme zaidi, joto zaidi, na soketi iliyofika mwisho, ili nipate kitu kimoja. Hicho kimoja ndicho hakimo.

Nilivyogundua ni hadithi ya aibu kwangu pia, maana ilinichukua wiki sita. Nilidhani ninakosea kuseti Premiere Pro, programu ninayohariria. Nilikuwa nikiweka kamera tatu za ukumbini kwenye taimlaini, na picha zinakwamakwama kiasi kwamba mdomo wa MC unasema jambo na sauti inasema jingine. Nikarudia utaratibu wa zamani: kila usiku kompyuta inatengeneza nakala nyepesi za video zote, asubuhi ndiyo naanza kuhariri. Harusi tatu na send-off moja zimepita kwa mtindo huo. Mama mmoja wa bi harusi alinipigia simu hadi nikaanza kuizima, na sikumlaumu; ahadi yangu ilikuwa siku 14.

Kisha nikanunua skrini ya pili, nikaichomeka kwenye tundu la HDMI la ubao mama. Giza. Nikaileta kompyuta kwenu, nikalipa bajaji kwenda na kurudi. Fundi akasema kebo ni mbovu, akaniuzia nyingine kwa shilingi 25,000. Giza tena. Akasema tundu limekufa, nitumie la kwenye kadi. Tundu halikuwa limekufa, Ndugu Meneja. Ubao mama hauna grafiki zake. Tundu lile hupitisha picha inayotoka kwenye kichakataji, na kichakataji mlichofunga hakina cha kupitisha. Nilipofika nyumbani nikafungua CPU-Z, programu inayoonyesha kichakataji kilichomo, na jina likawa pale limeandikwa waziwazi. Nilitazama ile F kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama herufi yoyote.

Intel walipotoa vichakataji hivi Oktoba 2023, bei iliyotangazwa ya 14900K ilikuwa dola 589 na ya 14900KF dola 564. Tofauti ni dola 25. Kwenye kompyuta ya shilingi milioni saba na laki nane hicho ni kiasi ambacho mngeniomba tu ningewapa, na soda juu.

Nilipoanza kuchunguza, nikachunguza vyote, na nimekuta mengine mawili.

La kwanza ni joto. Bango linaahidi zaidi ya 40,000. Mimi nimepima kwa utaratibu wa kawaida wa Cinebench R23 wa dakika 10, nikapata 33,000 na ushei. Dakika ya kwanza inakwenda vizuri, kisha joto linagonga nyuzijoto 100, ambacho ndicho kikomo cha kichakataji hiki, nacho kinajipunguza mwendo ili kisiungue. Mmefunga kipoozeo cha mnara mmoja chenye feni moja, wakati kwenye BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, kikomo cha umeme kimeachwa wati 4,096. Ndiyo, elfu nne na tisini na sita, maana yake hakuna kikomo. Kuseti hivyo na kufunga kipoozeo kile ni kumruhusu mtu kula pilau ya sinia zima halafu kumnyima maji. Nilipokibana kwenye wati 200 alama zilibaki karibu zile zile, ila feni ikaacha kulia kama jenereta.

La pili ni BIOS yenyewe. Ilikuwa ya Novemba 2023. Mnauza vichakataji hivi kila siku, kwa hiyo mnajua kilichotangazwa mwaka jana: Julai 2024 Intel walieleza kwamba vichakataji vya mezani vya vizazi vya 13 na 14 vilikuwa vinaweza kuomba volti kubwa kupita kiasi, wakatoa masahihisho ya maikrokodi, maelekezo ya ndani ya kichakataji yanayokuja na BIOS mpya, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na wakasema masahihisho hayo yanazuia madhara lakini hayaponyi kichakataji kilichokwisha kudhurika. Sisemi changu kimedhurika, sijaona dalili. Nasema kompyuta iliyouzwa Machi 2025 haikupaswa kutoka dukani bila masahihisho ya Septemba 2024. Nimeyaweka mwenyewe, usiku, huku nikiomba umeme usikatike katikati, maana ubao mama ungekufa na mngeniambia nimeua mwenyewe.

Tarehe 2 Juni nilikuja na maelezo haya yote. Dada wa mapokezi alinisikiliza kwa heshima, namshukuru. Fundi mkuu akasema dhamana ni ya kiwanda, niwaandikie Intel. Nikaomba kasha la kichakataji ili nipate namba zake. Hakuna kasha. Hapo ndipo ikajulikana kwamba mlifunga kichakataji cha trei, kile kinachouzwa kwa jumla kwa waunganishaji bila kasha la rejareja, na kwa vichakataji vya namna hiyo anayewajibika kwa mnunuzi ni aliyemuuzia. Ni nyinyi. Orodha yenu yenyewe imeandika "dhamana ya miaka 2", haijaandika ya nani.

Jibu la mwisho la fundi lilikuwa kwamba niongeze shilingi milioni mbili anibadilishie kadi kuwa ya mfululizo wa 50, "itafungua hizo video zako". Itazifungua kweli, silikatai hilo. Lakini mtu aliyeuziwa dagaa kwa bei ya changu haongezi hela ili apewe samaki aliyemlipia tangu mwanzo.

Ninachoomba ni haya. Mnifungie i9-14900K kamili, mpya, yenye kasha, na mbele yangu tuwashe skrini kupitia HDMI ya ubao mama kabla sijasaini chochote. Mbadilishe kipoozeo kiwe cha maji chenye rejeta ya mm 360, kwa gharama yenu, kwa kuwa mlichofunga hakifikishi kile mlichotangaza. Mnirudishie shilingi 25,000 za kebo. Ni ndogo, lakini ndiyo inayoniuma kuliko zote. Na mniandikie kwenye karatasi yenye muhuri kwamba dhamana ya miaka miwili ni ya duka, ikianzia siku ya mabadiliko. Kama 14900K haipatikani tena sokoni, nipo tayari kurudisha kompyuta yote na kupewa fedha zangu zote. Sitapokea 13900K kama "ndugu yake", wala sitapokea iliyotumika.

Kuhusu bango, hilo silidai, ni ushauri tu: ongezeni mstari mmoja unaosema 8 vikubwa na 16 vidogo, na mwandike wati chini ya kila jina. Anayerenda atachagua cha kwake, anayehariri atachagua cha kwake, na kijana wenu wa mauzo hatalazimika kubishana na mtu kama mimi kwa nusu saa.

Nawapa siku 14 za kazi tangu mtakapopokea barua hii. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ifanane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Siku hizo zikipita kimya, nakala hii nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na viambatanisho.

Nitakuwa na kazi ukumbini kila Jumamosi hadi mwisho wa Agosti, hivyo fundi akitaka kuja kuiona kompyuta aje siku za katikati ya wiki, baada ya saa nne asubuhi. Usiku itakuwa bado inatengeneza nakala nyepesi.

Wenu mteja,

Mpiga video wa Sinza
(jina kamili, sahihi na namba ya risiti vipo kwenye nakala ya karatasi)

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD; orodha ya vifaa yenye muhuri; picha ya skrini ya CPU-Z; picha ya bango la kaunta; risiti ya kebo.