Mgonjwa wa kitandani asingoje msiba ndipo kanisa limfikie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumze na Wakristo wenzangu, hasa wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, kuhusu wagonjwa wa muda mrefu waliolala majumbani na watu wanaowauguza. Nilifanya kazi ya uuguzi mpaka nilipostaafu, na sasa ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja hapa Morogoro, hivyo jambo hili nimeliona wodini na nimeliona pia kanisani.

Mwumini anapopatwa na kiharusi, kwa wiki ya kwanza nyumba yake haikauki watu. Mchungaji anafika, kwaya inafika, umoja wa wanawake unafika na sabuni, sukari na khanga, nyimbo zinaimbwa na maombi yanafanyika. Wiki ya tatu wanakuja wachache. Baada ya miezi kadhaa jina la mgonjwa linabaki katika orodha ya maombi ya Jumapili, na huko nako linasomwa kwa haraka pamoja na mengine. Kisha anapofariki, kamati inaundwa kabla jua halijazama: turubai na viti vinaletwa, sufuria kubwa zinawekwa mekoni, daftari la rambirambi linafunguliwa, gari la kupeleka mwili kijijini linalipiwa, na watu ambao hawakuonekana mwaka mzima wanakesha hadi asubuhi. Silaumu desturi yetu ya msiba; ni moja ya mambo mema tuliyorithi, nayo inathibitisha kwamba uwezo wa kuchanga, kupangana na kutumika tunao. Ninachouliza ni kwa nini uwezo huo usubiri mtu afe.

Kati ya wiki ile ya kwanza na siku ya mazishi huweza kupita miaka, na asiyewahi kuuguza nyumbani huenda hajui miaka hiyo imebeba nini. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa takribani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kwa sababu pale mwili unapogandamizwa na godoro kwa muda mrefu, kiunoni, makalioni na visiginoni, damu haipiti vizuri, na kidonda kinachoanza kama alama ndogo ya ngozi kubadilika rangi kinaweza kuchimba hadi mfupani. Huhitaji kulishwa polepole akiwa ameinuliwa, asije akapaliwa na chakula kikaingia mapafuni. Viungo vyake vinatakiwa kunyooshwa kila siku visije vikakakamaa, mashuka yanafuliwa na kuanikwa, na kila anapojisaidia anasafishwa na kukaushwa vizuri. Kazi yote hiyo mara nyingi iko mabegani mwa mtu mmoja, naye kwa kawaida ni mwanamke: mke, binti, au mkwe. Anafunga genge lake au anaacha kibarua chake, anaacha kwaya, anaacha vikao vya jumuiya, na hatimaye anaacha ibada, si kwa kupenda. Nimewahi kusikia kwenye kikao cha wazee mtu wa namna hiyo akitajwa miongoni mwa waumini waliopoa kiroho. Nilisema pale pale, na narudia hapa, kwamba kanisa lililomwacha peke yake na mgonjwa halina haki ya kumhesabia utoro.

Watu wanne katika Injili ya Marko sura ya pili ndio wananifanya niandike hivi. Walimbeba mwenye kupooza, wakazuiwa na umati wa watu, wakapanda darini, wakaitoboa dari na kumteremsha mgonjwa pamoja na godoro lake. Marko hasemi kwamba Yesu alisikia maombi yao, wala hatuambiwi neno lolote walilotamka. Anasema, "Naye Yesu, alipoiona imani yao, akamwambia yule mwenye kupooza, Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Imani hapa ni kitu kinachoonekana kwa macho, na kilichoonekana ni mikono iliyobeba godoro na vumbi la dari iliyotobolewa. Tena jambo la kwanza alilopewa yule mgonjwa ni msamaha wa dhambi, yaani wokovu wenyewe ambao sisi tunauhubiri kila wiki, na aliufikia akiwa amebebwa na wenzake. Wanaotenganisha injili ya wokovu na huduma ya mwili, kana kwamba moja ni ya mchungaji na nyingine ni ya idara ya afya, wangekaa na habari hii kwa muda kabla ya kusema.

Najua jibu linalokuja upesi: tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo. Naliamini fundisho hilo kwa moyo wangu wote, na sitaki msomaji yeyote afikiri kwamba namwambia anunue mbingu kwa kumgeuza mgonjwa. Lakini wengi wetu tukiisoma Waefeso sura ya pili tunaishia mstari wa nane na wa tisa, ilhali mstari wa kumi unaendelea na hoja ile ile: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema." Hata makanisa yaliyogawanyika kwa karne nyingi juu ya jambo hili yamefika mahali pa kulisema kwa sauti moja. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg nchini Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, na ndani yake wanakiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho Mtakatifu tunayempokea ndiye anayetuandaa na kutuita kutenda mema. Kwa hiyo anayesema ameokolewa halafu hana habari na jirani aliyelala kitandani hawezi kujificha nyuma ya Luther wala nyuma ya Paulo. Yakobo alikwisha kumuuliza mtu wa namna hiyo: ukimwambia ndugu aliyepungukiwa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa mahitaji ya mwili, "yafaa nini?"

Wapo watakaosema kwamba kanisa halikuitwa kuacha neno na kuhudumu mezani, na watataja Matendo ya Mitume sura ya sita. Nawaomba waisome yote. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yao yalipofika kwa mitume, mitume hawakuyapuuza wala hawakuahidi kuyaombea tu. Waliagiza wachaguliwe watu saba "walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho, na hekima", wakawaombea na kuwawekea mikono. Ni jambo la kutazamwa kwa makini kwamba kazi ya kuhakikisha mjane amepata chakula ilidai mtu aliyejaa Roho Mtakatifu, na mmoja wa saba hao alikuwa Stefano, aliyekuja kuwa shahidi wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Kristo. Katika sharika nyingi siku hizi kamati ya huduma kwa wahitaji hupewa watu waliokosa nafasi katika kamati ya ujenzi na kamati ya fedha, na mwisho wa mwaka taarifa yake husomwa wakati watu wameshaanza kutoka. Halafu mstari wa saba wa sura hiyo unasema neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana katika Yerusalemu. Huduma ya mezani haikulipunguza neno.

Hoja nyingine, ambayo ina uzito zaidi, ni kwamba mgonjwa ana ndugu zake, na Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Ni kweli, na wapo wana wenye uwezo mijini wanaotuma salamu bila kutuma nauli ya kliniki. Hao wanastahili kuonywa na wachungaji wao. Lakini familia nyingi ninazozijua hazijakataa kumtunza mgonjwa wao. Zimechoka, na fedha zimekwisha. Msamaria yule wa Luka sura ya kumi hakuwa ndugu wa majeruhi, wala hakuishia kumfunga jeraha na kumpandisha juu ya mnyama wake. Kesho yake alitoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, na kuahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi atailipa atakaporudi. Mahubiri mengi juu ya mfano huu huishia barabarani, kwenye huruma ya saa ile ya kwanza, na hayafiki kwenye ahadi ya kurudi kulipa, ambayo kwangu ndiyo sehemu inayotuhukumu sisi tuliokwenda mara moja na kilo ya sukari.

Niguse pia, kwa kifupi ingawa jambo lenyewe linauma, wale wanaomwambia mgonjwa wa miaka mingi kwamba haponi kwa sababu imani yake ni haba au kuna dhambi hajaiungama. Naamini Mungu huponya, na nimeomba pembeni mwa vitanda vingi. Lakini Bwana wetu alipoulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa alijibu kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake, na Paulo, ambaye mikononi mwake wengi waliponywa, alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa hawezi. Kumwongezea mtu aliyepooza mzigo wa kujilaumu ni ukatili, hata ukifanywa kwa sauti ya maombi.

Sasa kuhusu la kufanya. Kanisa Katoliki lina jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki walizipa kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970, na sisi Walutheri tunazo jumuiya zetu zinazokutana nyumba kwa nyumba. Maana yake ni kwamba karibu kila mgonjwa Mkristo ana kundi la waumini lililo umbali wa dakika chache kutoka kitandani pake, tena linalokutana kila wiki. Kundi hilo liweke zamu. Watu wawili waende siku moja ya juma, wakae na mgonjwa kuanzia asubuhi hadi mchana, wamgeuze, wamlishe, ili anayemuuguza alale, aende sokoni, au siku ya Jumapili aende ibadani. Wanaume wasijitoe; kumwinua mtu mzima aliyepooza upande mmoja ni kazi ya nguvu, na mgonjwa mwanamume mara nyingi huona haya kusafishwa na binti yake. Wauguzi na matabibu tulio ndani ya makanisa tutumie Jumamosi moja kuwafundisha wenzetu namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza, namna ya kukagua ngozi, na dalili zinazodai apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Jambo hili halihitaji jengo wala mfadhili.

Fedha nazo zinahitajika, kwa sababu pampasi za watu wazima, dawa za shinikizo la damu na nauli za kliniki havipatikani kwa zamu. Napendekeza kila usharika na kila parokia iwe na mfuko wa wagonjwa wa nyumbani unaopata sehemu ya sadaka kila mwezi, badala ya kusubiri Siku ya Wagonjwa Duniani ya tarehe 11 Februari au wiki ya Krismasi ndipo tupeleke zawadi. Na tunapopeleka, tuache kupiga picha za mgonjwa amelala na kuzisambaza kwenye makundi ya simu. Yeye hakutuomba tumtangaze, na Bwana alisema mkono wa kushoto usijue ufanyacho mkono wa kuume.

Wala zamu hizo zisiulize dini ya mgonjwa. Mwaka 362 Kaisari Julian, aliyeiacha imani ya Kikristo na kutaka kurudisha ibada za miungu ya kale, alimwandikia kuhani wake mkuu huko Galatia akilalamika kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na maskini wasio wao pia, jambo lililowaaibisha watu wake. Katika mitaa yetu tunaishi ukuta kwa ukuta na Waislamu, ambao kwenye misiba yetu wanabeba maji na kuchimba kaburi pamoja nasi. Mama wa Kiislamu anayemuuguza mumewe nyumba ya tatu kutoka kwetu ni jirani kwa maana ile ile aliyoifundisha Yesu, na kumpumzisha kwa nusu siku hakuhitaji kwanza akubali kuhubiriwa.

Nawaomba viongozi wa jumuiya wanaosoma barua hii wauanze mkutano wa wiki ijayo kwa maswali matatu, na majibu yaandikwe kwenye daftari: ni nani katika eneo letu hajaweza kuamka kitandani, ni nani anayemuuguza usiku, na ni siku gani katika juma huyo anayeuguza angependa kupumzika. Daftari hilo lipelekwe kwa mchungaji au paroko kabla ya Jumapili, na zamu ya kwanza ipangwe papo hapo kabla watu hawajaagana.

Wako katika Kristo,
Muuguzi mstaafu na mzee wa kanisa,
Morogoro