Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Aliyetolewa Damu Naye Aambiwe

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya yetu,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa. Kwa niaba ya Klabu ya Sayansi, karibu sana katika siku yetu ya maonesho. Tunajua umeacha kazi nyingi ili uje kutusikiliza. Ahsante.

Mwaka huu klabu ilijishughulisha na swali moja: wataalamu hujuaje ugonjwa unatoka wapi, na wanaochunguzwa hutendewaje? Swali lilituanzia nyumbani. Machi 2023, hapa Kagera, watu wa Wilaya ya Bukoba walipata homa kali, wakatapika, wakatokwa damu, wengine wakafa, akiwemo mhudumu wa afya. Redio zikasema "ugonjwa usiojulikana". Tarehe 21 Machi, baada ya vipimo vya maabara ya taifa, Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni Marburg, ugonjwa unaoletwa na virusi. Sisi tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka jinsi watu walivyoacha kupeana mikono hata msibani. Tukajiuliza: lile neno "usiojulikana" lilifutwa na nani, na kwa njia gani?

Tulipoanza kusoma, tukajikuta kwenye ziwa letu hili hili. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kuna Visiwa vya Sese. Mwanzoni mwa karne iliyopita, malale, ambayo Waganda waliyaita mongota, yaliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda. Mtu alianza na homa na kuvimba tezi za shingo. Baadaye akawa anasinzia na tonge mkononi, mpaka siku asiyoamka.

Mwaka 1902 tume ya wanasayansi kutoka Uingereza ilifika Entebbe. Mmoja wao, Aldo Castellani, aliona bakteria katika miili ya waliokufa, akaamini kampata muuaji. Kisha akapima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa waliokuwa hai, na chini ya hadubini akakuta kimelea chenye mkia, kinajinyonganyonga: trypanosoma. Wale bakteria wa mwanzo walikuwa wamekuja matangani tu.

Lakini kimelea huingiaje mwilini? David Bruce, aliyefika mwaka 1903, alisaidiwa na Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Apolo Kagwa. Machifu na wamisionari waliombwa walete nzi wanaouma, kila fungu likitajwa lilikotoka na kama malale yapo huko. Nzi wakaletwa kwa wingi. Ramani ya ugonjwa ikalinganishwa na ramani ya mbung'o: mwambao ule ule, visiwa vile vile. Ramani peke yake haikutosha, kwa hiyo mbung'o walionyonya damu ya wagonjwa wakaachiwa wawaume tumbili, na tumbili wakaugua. Tumeichora upya ramani hiyo. Ipo meza ya tatu, Ndugu Mgeni Rasmi, na tunaomba uitazame kwa utulivu, maana aliyekimbizana na nzi vichakani naye alikuwa mtafiti, ingawa vitabu havimtaji.

Mwaka 1906 akaja Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Kanuni zake tunafundishwa mpaka leo: kijidudu kionekane kwa kila mgonjwa, kioteshwe peke yake, kikiingizwa kwa mnyama mwenye afya kimuuguze, kisha kipatikane tena ndani yake. Alipiga kambi Sese. Alichoma sindano kwenye tezi ya nyuma ya shingo, akavuta tone la majimaji, akalitazama kwa hadubini. Hadi hapo tunamvulia kofia.

Halafu akaanza dawa. Iliitwa atoxyl, na ndani yake kuna arseniki, ambayo ni sumu. Alianza na nusu gramu. Vimelea vikapotea, kisha vikarudi. Akapandisha dozi hadi gramu nzima. Zaidi ya watu 20 wakapofuka, macho yasirudi tena. Waliingia kambini wakitembea wenyewe, wakatoka wakishikwa mkono. Majina yao tuliyatafuta katika kila tulichosoma, hatukuyaona. La Koch lipo kila mahali.

Na huku kwetu Kiziba, Wajerumani walifungua kambi Kigarama, na wenyeji wakafunzwa kupita vijijini wakipapasa shingo za watu kutafuta tezi.

Wapo kati yetu waliosema malale yangewaua watu wale hata hivyo, na kwamba zama zile hazikuwa na kanuni. Tulibishana Ijumaa mbili mfululizo. Msimamo wetu ni huu: ugonjwa unaoua haumnyang'anyi mgonjwa haki ya kuulizwa. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 zinadai ridhaa ya mtu anayefanyiwa utafiti, na hapa nchini utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hata Marburg ilituonesha hivyo. Watu waliogusana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21, siku baada ya siku. Hilo haliendi kwa nguvu. Asiyekuamini atakutajia jina la uongo, na wewe utabaki unatafuta nyumba isiyokuwepo.

Ndugu Mgeni Rasmi, mimi ninayesoma nina ushahidi wa nyumbani. Miaka michache iliyopita watafiti walifika kijijini kwetu, wakatoboa watu vidole. Bibi yangu aliweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa, akapewa vipande viwili vya sabuni. Hawakurudi. Mpaka leo akiona gari jeupe likipanda mlima huuliza, "Wale wa damu, walikuta nini?" Bibi hakatai kutolewa damu. Anadai jibu.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. La kwanza, kila utafiti utakaopita ofisini kwako, matokeo yake yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na Kihaya, hata kama jibu ni kwamba hakikuonekana kitu. La pili ni hadubini. Tunayo moja, kioo chake kimepasuka, na tunapanga foleni kama ya maji.

Bibi yangu yupo hapa leo, safu ya pili kutoka mlangoni, mwenye kitenge cha kijani. Ameomba akusalimie kabla hujaondoka.

Naomba kuwasilisha.