Mjomba, anza na upande wa kwanza

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu yale uliyosema kuhusu Black Sabbath, bendi ya heavy metal ya Uingereza, uliyasema mbele ya ukoo mzima, na nusu yao wanasoma ninayoandika. Ulisema watu wazima wanaolilia albamu ya zaidi ya miaka hamsini wamepotea njia, na kwamba jina la bendi peke yake, Sabato Nyeusi, linatosha kueleza muziki huo ni wa nani. Sikujibu. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika gitaa, na sikuona vizuri kubishana nawe mbele za watu. Lakini wewe ni mpiga besi, mjomba. Umepiga dansi miaka mingi kabla ya kuhamia kwaya, na itakuwa hasara kubwa mtu mwenye masikio kama yako akiikataa albamu ambayo hajaisikia.

Albamu yenyewe ni Paranoid. Ilitoka Uingereza Septemba 18, 1970, ina nyimbo nane za dakika arobaini na kitu, na huko kwao ilipanda hadi namba moja. Waliopiga ni vijana wanne wa Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani mjini Birmingham: Ozzy Osbourne akiimba, Tony Iommi kwenye gitaa, Geezer Butler kwenye besi na Bill Ward kwenye ngoma. Hilo jina linalokukera walilitoa kwenye filamu ya kutisha ya mwaka 1963. Mwanzo walikuwa wakijiita Earth, wakakuta kuna bendi nyingine yenye jina hilohilo. Misalaba wanayoonekana nayo vifuani kwenye picha za zamani walitengenezewa na baba yake Ozzy, kwa aluminiamu. Na Geezer, aliyeandika sehemu kubwa ya maneno, alilelewa Kikatoliki. Ukisikia anavyoumaliza wimbo wa kwanza utajua kwamba mafundisho yalimwingia.

Wimbo huo ni "War Pigs", yaani nguruwe wa vita. Mwaka 1970 vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na vijana hawa walikuwa na umri uleule wa wanajeshi waliokuwa wakirudishwa kwenye majeneza. Geezer anawafananisha majenerali na wachawi waliokusanyika usiku. Wanasiasa wanawasha vita halafu wanajificha, na kazi ya kupigana wanaachiwa maskini. Kisha wimbo unafika ubeti wa mwisho: dunia imesimama gizani, Siku ya Hukumu imefika, Mungu anaita, na wale wakubwa wote wako chini wamepiga magoti wakiomba wasamehewe. Shetani yumo, sikufichi. Anacheka na kukunjua mabawa, kwa sababu amewapata watu wake. Mjomba, hayo ni mahubiri. Yangesomwa bila gitaa, wewe mwenyewe ungeitikia amina.

Sasa sikiliza wanavyoupiga, maana hapo ndipo mashabiki tunapoishiwa nguvu. Wanaanza polepole, kwa uzito, na king'ora cha kutahadharisha ndege za vita kinalia juu yao. Halafu kila kitu kinakatika. Gitaa na besi vinapiga mara mbili kwa pamoja na kunyamaza, kinabaki kile kisahani cha mguuni cha Bill Ward kikihesabu peke yake, na kwenye uwazi huo Ozzy anaimba mstari mmoja. Wanapiga tena, wananyamaza tena. Bendi inayojulikana kwa kelele iliujenga wimbo wake mkubwa juu ya ukimya. Kwenye maonyesho, uwazi ule huwa si wa Ozzy peke yake. Umati ndio unaoimba, mstari kwa mstari, na yeye anautupia maneno kama kiongozi wa kwaya anavyotupia waitikiaji.

Kuhusu gitaa lenyewe nataka nikae kidogo, kwa sababu hili nadhani hukuwahi kuambiwa. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye ni mashoto, kwa hiyo mkono huo ndio unaobana nyuzi. Wewe unaelewa maana ya hilo kuliko mimi. Aliambiwa asahau habari ya gitaa. Mkubwa wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa aliyeungua mkono wa kushoto, akawa anapiga solo kwa vidole viwili tu. Tony alipoisikia, alirudi nyumbani akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga, akaisugua hadi ikaingia kwenye vile vidole vilivyokatika, kisha akabandika ngozi juu yake ili isiteleze kwenye nyuzi. Nyuzi za kawaida zikawa zinamuumiza, akatafuta nyembamba, hata za banjo. Kwa vidole visivyohisi kitu ilimbidi akandamize zaidi, akapenda kushika nyuzi mbili tatu kwa pamoja na kuziacha zilie mpaka zijimalizie zenyewe. Kwenye albamu yao ya tatu, mwaka 1971, alizilegeza kabisa, sauti ikashuka chini zaidi. Uzito ambao leo kila bendi ya heavy metal duniani inautafuta kwa mashine za gharama ulianzia kwa kijana aliyetaka tu kuendelea kupiga.

Ndiyo maana mtu akiniambia muziki huu ni wa kuzimu, moyo unaniuma kweli. Mimi nasikia kiwanda. Nasikia mashine inayopanda na kushuka, na watu wanaokataa kumalizwa nayo.

Kuna wimbo wa tatu ambao najua utakushangaza, "Planet Caravan". Hapo hakuna kelele hata kidogo. Bill Ward ameziacha ngoma zake anapiga tumba, mjomba, tumba, taratibu kabisa. Tony anapuliza filimbi, na sauti ya Ozzy wameipitisha kwenye spika inayozunguka hadi inasikika kama inatoka chini ya maji. Ni wimbo wa watu wawili wapendanao wakielea angani katikati ya nyota. Wanaosema hawa hawakujua kupiga, wengi hawakufika wimbo huu.

Baada ya utulivu huo inakuja "Iron Man", na hapa gitaa linaingia kwa hatua nzito ambazo hata mtoto akizisikia mara moja anaziimba. Hadithi yake inahuzunisha. Mtu anasafiri kwenda wakati ujao, anaona dunia ikiangamia, anarudi kuwaonya wenzake. Njiani mwili wake unageuka chuma. Akifika, hawamsikilizi, hawamtazami, wanampita tu. Mwisho hasira inamshinda, anakuwa yeye mwenyewe yule mwangamizi aliyekuja kuwaonya dhidi yake. Nimekuwa nikiusikiliza tangu nikiwa sekondari na bado ubeti wa kupuuzwa kwake unanishika koo.

Wimbo uliobeba jina la albamu ni mfupi, hata dakika tatu haufiki. Walikuwa wamemaliza kurekodi wakaambiwa bado kuna nafasi kwenye santuri, waongeze kitu. Wakautunga pale pale, kwa muda unaomtosha mtu kula chakula cha mchana, na huo ndio uliopanda hadi namba nne Uingereza. Albamu ilikuwa iitwe War Pigs. Kampuni ya rekodi ikabadili jina, jalada likabaki lilelile: mtu mwenye upanga na ngao akichomoka gizani, asiyehusiana kwa lolote na neno lililoandikwa juu yake. Mashabiki tunalipenda hivyohivyo. Wapo wanaotafuta ile chapa ya kwanza ya mwaka 1970, yenye nembo ya kampuni ya Vertigo ya miduara nyeusi na nyeupe inayozunguka katikati ya santuri, na wakiipata wanaishika kwa kingo kama unavyoshika zile santuri zako za dansi.

Sasa hayo machozi uliyoyaona kwenye taarifa ya habari. Julai 5, 2025 wale wanne walipanda jukwaani Villa Park kuaga. Uwanja huo unaujua vizuri, mwaka 2020 ulikuwa hukosi mechi Mbwana Samatta alipokuwa akiichezea Aston Villa hapo. Uko Aston kwenyewe, karibu na nyumba aliyokulia Ozzy. Metallica, Slayer, Guns N' Roses, Pantera na wengine wengi walipiga tangu mchana, wote wakiwa wamekuja kushukuru. Mapato yalikuwa ya hospitali ya watoto ya Birmingham, ya kituo kinachohudumia watoto wasio na matumaini ya kupona, na ya utafiti wa ugonjwa wa Parkinson, ambao Ozzy mwenyewe alikuwa nao. Kusimama hakuweza. Aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cheusi kama cha enzi. Bill Ward alikuwa hajapiga na wenzake tangu 2005. Nilifuatilia kwa intaneti hadi usiku wa manane.

Waliporudi pamoja walipiga nyimbo nne tu: "War Pigs", "N.I.B.", "Iron Man" na "Paranoid". Hesabu mwenyewe, mjomba. Katika maisha yote ya bendi, katika albamu zote walizotoa, siku ya kuaga tatu kati ya nne zilitoka kwenye albamu hii moja. Na watu wa rika lako walisimama kando ya watoto wa shule wakaimba maneno yote, na palipokosekana maneno wakaimba gitaa.

Julai 22, siku 17 baadaye, Ozzy alifariki akiwa na miaka 76. Watu walijaza maua kwenye daraja la Broad Street lililopewa jina la bendi, na jeneza lake lilipopitishwa hapo mji ulisimama. Hao ndio uliowaona wakilia. Walikuwa wakimlilia mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye machinjio, aliyewaimbia hofu zao kabla hawajapata wa kumwambia.

Nimempa mwanao flashi akuletee. Nyimbo nimezipanga kama zilivyo kwenye santuri, tafadhali usizivuruge, na usianze na wa pili, "Paranoid", kwa kuwa ndio maarufu. Sikiliza kwenye ile spika yako kubwa, simu inaua besi. Ukigeuka upande wa pili, wimbo wa "Hand of Doom", unaohusu wanajeshi waliorudi Vietnam na uraibu wa heroini, unafunguliwa na Geezer peke yake kwenye besi, chini kabisa, kabla wengine hawajaingia. Nipigie ukifika hapo. Nataka unionyeshe anashika wapi.